Alisoma hadithi za mauaji miaka 20, chupa ya mlangoni hakuiona

Mama huyu wa Tanga ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ana watoto wawili, na ugonjwa wake ni mmoja: hadithi za upelelezi.

Alianza akiwa kidato cha kwanza, alipopewa na mjomba wake nakala iliyochakaa ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kilichochapwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake wakamteka. Tangu hapo ni miaka 20, na kila anapopata vitabu vya mitumba hutafuta kwanza jina la Agatha Christie.

Kitabu alichokuwa nacho mwezi ule kinaitwa Evil Under the Sun, cha mwaka 1941. Alikuwa akikisoma usiku, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, kurasa 10 au 15 kabla usingizi haujamzidi nguvu.

Hadithi yenyewe inatokea katika hoteli iliyo juu ya kisiwa kidogo, kusini magharibi mwa Uingereza. Mwandishi alikibuni kisiwa hicho kwa kutazama mahali halisi, Burgh Island, kwenye pwani ya Devon, ambako kuna hoteli iliyofunguliwa mwaka 1929. Maji yakipwa, mtu huvuka kwa miguu juu ya mchanga. Maji yakijaa, kinabaki kisiwa, na wageni huvushwa kwa trekta lenye miguu mirefu linalopita ndani ya bahari. Mtu aliyekulia Tanga haelezwi kujaa na kupwa ni nini, ndiyo maana mama huyu alikipenda kitabu hicho tangu ukurasa wa kwanza.

Wageni wako likizo. Wanakunywa chai, wanaota jua, wanasengenyana. Mmoja wao ni Hercule Poirot, mpelelezi wa Kibelgiji mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, naye pia amekuja kupumzika. Siku moja mwanamke mrembo, mgeni wa hoteli hiyohiyo, anakutwa amenyongwa ufukweni.

Utamu wa hadithi za namna hii uko hapo. Mahali ni pazuri, watu ni wastaarabu, damu haimwagwi mbele ya msomaji. Na muuaji si jambazi aliyetoka mbali, ni mmoja wa wale wanaopeana sukari mezani. Waswahili walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mama huyu amewahi kuwaambia wanafunzi wake kuwa hadithi hizi humfundisha mtu kuangalia. Alikuwa akiamini kwamba yeye mwenyewe anajua kuangalia.

Jumamosi asubuhi

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro. Baba wa nyumba alikuwa kazini. Dada wa kazi alikuwa uani akifua. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kuwaona wajukuu, alikuwa barazani akichagua mchele. Mama mwenyewe alikuwa sebuleni akisahihisha mitihani. Mtoto mkubwa alikuwa kwa jirani akicheza.

Mdogo, wa mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa akizungukazunguka. Kisha nyumba ikawa kimya.

Mzazi yeyote anaujua ukimya huo. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi, na kabla hajaita akasikia kikohozi. Kikohozi kikavu, kimoja, halafu cha pili, halafu mfululizo.

Alimkuta mlango wa jikoni, amekaa chini, ameshika kwa mikono miwili chupa ya maji ya nusu lita. Kifuniko kilikuwa pembeni. Fulana ilikuwa imelowa kifuani. Harufu ilimfikia mama kabla hajainama. Yalikuwa mafuta ya taa.

Mambo ya dakika zilizofuata anayakumbuka vipandevipande. Dada wa kazi alikimbia na mikono yenye povu. Mama mkwe alikuja na kikombe.

“Mpe maziwa, mwanangu, mpe maziwa upesi. Yatakata sumu.”

Akampa. Mtoto akameza mafunda mawili, akakohoa, mengine yakamwagika. Jirani aliyesikia kelele akasema ageuzwe kichwa chini, atiwe kidole kooni, atapike. Mama alikuwa ameshamgeuza mtoto, kidole kiko njiani, aliposikia pumzi ya mwanawe inatoa mlio kama wa filimbi. Aliogopa, akaacha. Akambeba, akatoka barabarani, akasimamisha bajaji.

Alishafika mbali ndipo akagundua kuwa mkono wake mmoja bado umeishika ile chupa.

Maswali ya daktari

Hospitalini daktari aliipokea chupa kabla hata hajampokea mtoto. Akainusa, akaiinua kwenye mwanga, akaanza kuuliza. Ilikuwa imejaa kiasi gani? Saa ngapi? Alikohoa palepale au baadaye? Ametapika? Mmempa nini?

Mama alijibu, na katika hofu yake yote akawaza kwamba maswali haya anayajua. Ndiyo maswali ya Poirot.

Daktari alimweleza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi, huteleza kirahisi kwenye njia ya hewa. Mtoto anapokohoa wakati wa kunywa, ni dalili kwamba huenda tone limeshaingia njia isiyo yake. Kiasi kidogo tu kikifika kwenye mapafu kinaweza kuyachoma na kuleta nimonia.

Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi. Mafuta yanapopanda kooni mara ya pili hupata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Maziwa nayo hayakati sumu hiyo. Yanajaza tumbo, na tumbo likijaa mtoto hutapika kwa urahisi zaidi.

“Kile kidole ulichokirudisha kimemsaidia,” daktari alimwambia.

Mtoto aliwekewa oksijeni. Picha ya kifua ikapigwa. Hakuna dawa ya kuyaua mafuta yakishafika kwenye mapafu. Kinachofanyika ni kumsaidia mtoto apumue, kumwangalia saa hadi saa, na kutibu linalojitokeza. Jioni homa ikapanda. Wakalazwa wodi ya watoto.

Nani aliiweka?

Nyumbani, upelelezi ulikuwa umeshaanza, na mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana.

“Nilisema mimi,” mama mkwe alimwambia mwanawe kwa simu. “Hawa wasichana wa siku hizi akili zote ziko kwenye simu. Mtu anaachaje mafuta ya taa chini?”

Baba naye alipofika wodini alikuwa na hasira hiyohiyo. Alimtazama mtoto, akatazama mirija, akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho yule binti anarudi kwao.

Usiku, dada wa kazi alipiga simu. Ana miaka 19. Alikuwa analia.

“Mama, haki ya Mungu sijaiweka mimi. Niliikuta pale mlangoni, nikajua ni maji yako.”

Mama alimjibu kwa ufupi, akakata. Hakumwamini. Katika hadithi zote alizosoma, kila mtu husema si yeye.

Saa nane usiku homa ya mtoto haikuwa imeshuka. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja juu ya kifua cha mwanawe akihesabu pumzi. Usingizi haukuja. Ndani ya mkoba kulikuwa na kile kitabu. Alikifungua kwa sababu alihitaji kitu cha kushika.

Mahali alipofikia, Poirot alikuwa akikusanya vitu vidogo ambavyo wengine wamevipuuza. Kuna mtu alioga saa sita mchana, na hakuna mgeni anayekiri kuwa ni yeye. Kuna chupa iliyotupwa kutoka dirisha la hoteli, nusura impige mgeni aliyekuwa akiogelea. Mgeni huyo aliiona kama uzembe wa mtu asiye na adabu. Poirot anataka kujua kulikuwa na nini ndani ya chupa, na nani aliyeishika.

Mama alisoma mstari huo, akausoma tena, akakifunga kitabu.

Alhamisi jioni umeme ulikatika. Mkaa ulikuwa umenyeshewa, hauwaki. Alimtuma mtoto mkubwa dukani kuleta mafuta ya taa, akamwagia mkaa kidogo, moto ukawaka. Dumu dogo la mafuta lilikuwa linavuja chini. Akatafuta chombo kingine, akakuta chupa ya maji tupu, akamimina yaliyobaki. Akaiweka nyuma ya mlango wa jikoni, akajiambia kesho atahamishia juu ya kabati.

Ijumaa ilikuwa na kikao cha walimu. Ijumaa ikapita.

Hakuna aliyempa kazi hiyo dada. Hakuna aliyemwambia kilichomo. Chupa ilikuwa na karatasi ya kampuni ya maji na kifuniko cha buluu, na ndani kulikuwa na kitu cheupe, kisafi, kinachong’aa. Mtoto aliona maji, na dada aliona maji. Mtu pekee aliyejua si maji alikuwa sebuleni anasahihisha mitihani.

Alfajiri aliwapigia simu wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Mume alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mtoto anaendeleaje. Mama mkwe alisema, “Basi, mwanangu, sote tulikuwa tunaipita.” Kwa dada wa kazi ilikuwa vigumu zaidi.

“Mdogo wangu, ni mimi. Nisamehe.”

Dada alilia tena.

Mfamasia mwenye masikio na macho

Katika kitabu kile mtu ananyongwa, lakini wapenzi wa Christie wanajua kwamba silaha aliyoipenda zaidi ni sumu. Siku za wodini mama huyu alisoma kwenye simu ni wapi mwandishi huyo alipata ujuzi huo. Aliupata kazini.

Agatha Christie alizaliwa mwaka 1890 Torquay, mji wa pwani huko Devon, si mbali na kisiwa cha hoteli ile. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijitolea kuwa nesi katika hospitali ya mji wake, kisha akahamia chumba cha dawa. Mwaka 1917 alifaulu mtihani wa kumruhusu kutoa dawa. Hadithi yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, ina sumu ndani yake, na sumu hiyo ilielezwa kwa usahihi kiasi kwamba jarida la wafamasia wa Uingereza liliisifu.

Katika kumbukumbu za maisha yake alisimulia siku alipokuwa akifundishwa na mfamasia mmoja wa mjini. Mfamasia huyo alikuwa akitengeneza dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa, na Agatha akaona kwamba ameweka nukta ya desimali mahali pasipo pake. Dozi ilikuwa imezidi mara kumi. Yeye alikuwa mwanafunzi, yule ni bwana mkubwa asiyekosolewa. Basi alijifanya amejikwaa, akaziangusha dawa zote sakafuni, akazikanyaga. Akaomba radhi kwa uzembe wake.

Mzazi anayempimia mtoto dawa ya homa kwa kijiko cha chai cha jikoni, kwa kukadiria, anapaswa kuikumbuka nukta hiyo. Kipimo kilichokuja na chupa ndicho cha kutumia, na dozi huenda na uzito na umri wa mtoto huyo, si wa kaka yake.

Kisa kingine kilimgusa mama huyu zaidi, kwa kuwa mgonjwa wake alikuwa na umri karibu sawa na wa mwanawe. Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alisafirishwa kutoka Qatar kwenda London, akalazwa Hospitali ya Hammersmith akiwa karibu kupoteza fahamu. Madaktari walipima wakapima, hawakupata chanzo. Nesi mmoja wa zamu alikuwa akisoma The Pale Horse, hadithi ya Christie ya mwaka 1961, ambamo watu wanauawa kwa sumu iitwayo thaliamu. Katika hadithi, nywele za waathirika hunyonyoka. Nesi akaona nywele za mtoto nazo zinanyonyoka. Akasema.

Wangeweza kumcheka. Hawakumcheka, walipima. Ilikuwa thaliamu. Nyumbani kwa mtoto huyo kulikuwa kukitumika dawa ya kuulia wadudu na panya yenye sumu hiyo, na mtoto alikuwa ameifikia. Alitibiwa, akapata nafuu. Madaktari walipoandika kuhusu kisa hicho katika jarida lao, walimshukuru nesi na pia mwandishi, ambaye alikuwa ameshafariki mwaka 1976.

Katika kisa cha Qatar hakukuwa na muuaji. Hakuna aliyemchukia mtoto yule. Kulikuwa na sumu iliyowekwa ili kulinda nyumba, mahali ambapo mkono mdogo unafika.

Ukague nyumba kabla ya kutokea jambo

Poirot huitwa baada ya mtu kufa. Mzazi ana nafasi ya kuanza mapema. Inatosha kupiga magoti, kutambaa nyumba nzima kwa urefu wa mtoto wa miaka miwili, na kutazama nini kinafikika.

Mafuta ya taa, petroli, jiki, dawa ya kusafisha vyoo na dawa za kilimo zikae kwenye vyombo vyake vya asili, vimefungwa, juu na ndani ya kabati lenye komeo. Kamwe zisiingie kwenye chupa ya maji, soda au juisi. Kuandika “sumu” kwa kalamu hakusaidii. Mtoto hajui kusoma.

Sumu ya panya isitegwe sakafuni wala kuchanganywa na chakula kinachofikiwa na mtoto. Baadhi ya sumu hizo huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili kama vile kutoka damu, kwa hiyo mtoto aliyeila aende hospitali hata kama anacheza vizuri.

Mkoba wa bibi na babu ni wa kuangaliwa. Kidonge kimoja tu cha kisukari cha mtu mzima kinaweza kumshusha mtoto sukari hadi kumpotezea fahamu. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito vinafanana na pipi, na mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua. Dawa isiitwe pipi, hata kwa kumbembeleza mtoto aliyekataa kumeza.

Ikitokea, mwondoe mtoto kwenye hiyo sumu na mfute kilichobaki mdomoni. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala mayai mabichi. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Jicho lililorukiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu. Mpeleke hospitali bila kungoja dalili, na uende na chupa, pakiti au mabaki yake.

Kumtafuta aliyekosea kusubiri. Dada wa kazi anayeogopa kufukuzwa anaweza kuficha chupa, na chupa iliyofichwa inaweza kumnyima daktari jibu analolihitaji.

Siku ya nne

Homa ilishuka siku ya tatu. Siku ya nne mtoto aliruhusiwa, akiwa amepungua uzito na amechukia kila mtu aliyevaa koti jeupe. Daktari alitaka wamrudishe baada ya wiki kumwangalia kifua. Walimrudisha. Kilikuwa safi.

Dada wa kazi hakurudishwa kwao. Siku hizi yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati la juu, na ndiye aliyepewa ruhusa ya kumwuliza mtu yeyote mle ndani, hata baba, hata bibi, “Hii ni nini, na kwa nini iko hapa?” Mama mkwe aliporudi Muheza alihamisha dawa yake ya mahindi kutoka chini ya kitanda, akapiga simu kutoa taarifa bila kuulizwa.

Kitabu mama alikimaliza wiki mbili baadaye. Muuaji hakumtambua, kama kawaida yake, na alipomjua alirudi nyuma kurasa nyingi akakuta dalili zote zilikuwa zimewekwa wazi mbele ya macho yake.

Mtoto bado anapenda chupa. Akiona ya maji mahali popote, huinyooshea mikono. Mama huichukua kwanza, huifungua, huinusa, ndipo humpa.